Kikohozi Ndani ya Biti

Wazazi walimpa jina zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Kimya. Ukimwamkia, alikutazama kwanza usoni, akapima kwa nini unataka kujua hali yake, ndipo akajibu "nzuri" kama mtu anayetozwa ushuru kwa kila neno. Wasiomjua walisema ana maringo. Hana maringo hata kidogo. Ana wasiwasi, na wasiwasi wenyewe aliupata kazini.

Kabla hajaanza kutengeneza biti, midundo ya kuimbia, alikuwa fundi simu kwa miaka tisa. Watu huleta simu iliyopasuka kioo wakasahau kwamba humo ndani wameacha maisha yao yote. Kimya aliona mambo. Alimwona mzee mmoja wa heshima zake aliyehifadhi namba za Fundi Bomba wa Kwanza, Fundi Bomba wa Pili na Fundi Bomba wa Tatu, na wote watatu walimwandikia "umekula mpenzi?" Aliona mashoga wa kufa na kuzikana wakisengenyana kwa watu wengine saa ileile waliyokuwa wakitumiana mioyo. Ukishatazama ndani ya simu za watu kwa miaka tisa, mtu akikuchekea unajiuliza amekuandikaje kwenye simu yake.

Halafu biti yake ya kwanza ikaibiwa. Aliipeleka kwa prodyuza mmoja mwenye studio kubwa ili apewe maoni, akaambiwa bado hajaiva, arudi akazane. Miezi mitatu baadaye akaisikia redioni, imeiva vizuri kabisa, na mwanzoni mtu anapiga kelele jina la prodyuza yule. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kimya tangu siku hiyo alishtukia hata kamba ya viatu vyake mwenyewe.

Lakini kazi alikuwa anaijua, hilo hakuna wa kumnyima. Aliacha ufundi simu, akahamia kwenye stoo ya dada yake, mshonaji. Chumba cha mbele dada alishona, chumba cha nyuma Kimya alitengeneza biti, na katikati yao ulikuwa ukuta mmoja. Dada alikusanya mabaki ya vitambaa ya miaka kumi, akayashonea magunia, wakayapigilia misumari kuta zote nne ili sauti isigonge na kurudi. Ukiingia mle ndani ulidhani umeingia kwenye mto wa kulalia. Palikuwa na kompyuta iliyotumika, kinanda cha vitufe ishirini na vitano, maikrofoni moja nzuri, na spika mbili, moja ikiwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Mlango wa nyuma, unaotokea uani, ulilia bawaba kila ulipofunguliwa, na Kimya aliuacha ulie makusudi. Alitaka kujua nani anaingia.

Kulikuwa na sheria moja ya ukuta. Kimya akigonga mara mbili, dada anasimamisha cherehani kwa sababu maikrofoni imewashwa. Akigonga mara moja, kushona kunaendelea.

"Mimi nashona nguo, wewe unashona kelele," dada alimwambia. "Ila kelele zako hazichakai, nakuonea wivu."

Mtu wa tatu alikuwa Mapafu. Huyu alikuwa fundi pancha pale njia panda, na jina alilipata kwa sauti yake. Watani walisema anaweza kujaza tairi la lori kwa mdomo. Yeye na Kimya walisoma darasa moja tangu la tatu. Biti ya kwanza kabisa ya Kimya, Mapafu ndiye aliyeiimbia, na kila iliyohitaji sauti baada ya hapo. Akimaliza kuimba hakuondoka. Alikaa kwenye stuli, akafumba macho, akasema, "Nirudishie." Kimya akamrudishia sauti yake. "Tena." Akamrudishia. Mara ya tatu Mapafu alicheka peke yake, akapiga mapaja, akarudi kwenye matairi yake akiwa na furaha ya siku nzima. Kimya hakuwahi kumwambia kwamba kicheko kile ndicho kilikuwa kipimo chake. Mapafu asipocheka, biti inafanyiwa kazi upya.

Biashara ikakua, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana mtu mwenye wasiwasi hata bahati humtisha. Kimya hakuwa na bango; kwake bango lilikuwa kuwaonyesha wezi mlango. Hakuweka kazi zake mtandaoni. Na bado wateja walikuja. Ilikuja kwaya. Akaja mwenye duka la magodoro, anataka tangazo. Akaja bwana harusi anayetaka kumwimbia mkewe mtarajiwa, na sauti hana. Kila mmoja Kimya alimwuliza swali lilelile, "Nani kakutuma?"

"Nimesikia tu," walijibu.

Mtu mwingine angeshukuru. Kimya alilala akijiuliza wamesikia wapi.

Ndipo akaja mama wa tamthilia. Alikuwa mama wa makamo, miwani mikubwa, daftari kwapani, anatengeneza mchezo wa televisheni wa vipindi hamsini na mbili, na alitaka muziki wa kuufungulia.

"Nimesikia kazi yako, nimeipenda," alisema.

"Umeisikia wapi, mama?"

"Fundi, wewe unauza muziki au unafanya upelelezi?" Akacheka, akafungua daftari. "Nisikilize. Nataka ile sauti ya mwanamume anayeimba bila maneno. Na nataka kitu ambacho hakijaguswa na sikio la mtu. Nikikisikia mahali popote kabla ya siku yake, tumeachana, hakuna kulaumiana."

Vipindi hamsini na mbili, na jina lake likipita kwenye skrini kila wiki! Prodyuza yule wa studio kubwa angelisoma akiwa amekaa kwenye kochi lake. Kimya alikubali kwa kichwa. Wiki hiyohiyo walirekodi. Mapafu alifumba macho akaimba kama mtu anayemwita mwanawe aliyepotea sokoni, na aliporudishiwa, hata mara ya tatu hakucheka. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi. "Kimya," alisema, "hii tumeua."

Siku nne baadaye Kimya alikwenda kwa kinyozi. Kichwa kimeinamishwa, taulo shingoni, akasikia kwenye simu ya kinyozi biti yake. Si ile ya tamthilia, Mungu alimhurumia hapo; ni nyingine ya zamani kidogo, ambayo hakuwahi kumwuzia mtu.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimerushiwa."

"Na nani?"

"Sijui, iko kwenye grupu. Tulia, nitakukata sikio."

Alitoka pale na kichwa kilichonyolewa nusu ya akili, kama alivyokuja kusema dada yake. Kama hii imetoka, ile ya tamthilia, ambayo bado hajamtumia mtu yeyote, iko salama kwa siku ngapi? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nguoni mwake walikuwemo watatu tu. Dada alisikia kila kitu ukutani, na tena Kimya alikuwa akimtumia kila biti mpya kama zawadi. Mapafu alitumiwa ili afanye mazoezi. Shemeji, mume wa dada, dereva wa lori la saruji, alitumiwa kwa sababu Kimya alipima kazi zake kwenye lori lile: besi isiyopotea katika mtikisiko wa mabati yale haitapotea popote.

Angeweza kuwauliza. Watu watatu, maswali matatu, chai haijapoa amemaliza. Lakini mtu wa wasiwasi haulizi, kwa sababu ameshaamua kwamba ataongopewa. Alianza na shemeji. Aliomba kupanda lori siku nzima eti anyooshe miguu, amwone anawapigia nani muziki. Shemeji alisikiliza mpira asubuhi, uchambuzi wa mpira mchana, na jioni mabishano kuhusu uchambuzi wa mpira. Kimya alirudi na vumbi la saruji hadi kwenye kope, bila ushahidi wowote.

Basi akatega mtego. Alitengeneza biti nyingine ya chambo, tamu makusudi, akaitoa nakala tatu. Katika kila nakala, dakika ya pili, alificha sauti moja ndogo. Ya shemeji aliweka kijiko kikigonga glasi. Ya dada, bawaba ya mlango wa nyuma inavyolia. Ya Mapafu, kikohozi, tena kikohozi chake mwenyewe Kimya, kifupi, kwa mbali. Itakayovuja itamtaja aliyeivujisha. Alijisifu hadi akatabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra kama Jumapili mbili katika wiki moja.

Sasa, mafundi wa biti wana ugonjwa mmoja wanaoufahamu wenyewe. Wakimaliza kazi huihifadhi kwa jina la MWISHO. Wakiigusa tena kidogo, inakuwa MWISHO KABISA. Wakigundua besi imezidi, MWISHO WA MWISHO. Kimya alikuwa mgonjwa mahututi. Nakala zake tatu alizipa majina hayohayo matatu, akazituma kwa watu watatu akitazama majina tu. Mtu anayeishi kwa masikio hakufungua hata moja asikilize kabla ya kubonyeza.

Siku ileile dada alijibu, "Tamu, mdogo wangu." Shemeji alituma kidole gumba. Mapafu alituma ujumbe wa sauti, dakika tatu nzima. Kimya aliutazama urefu wake, akaona mwenye hatia ndiye mwenye maneno mengi, akauacha.

Baada ya wiki moja nywele zilikuwa hazijaota, lakini alikwenda kwa kinyozi. "Unanyoa nini sasa, ngozi?" kinyozi alimwuliza. Biti ilikuwa inalia. Kimya alihesabu. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Akakisikia kikohozi chake, kwa mbali, kifupi.

Aliinuka kitini. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ilimwaibisha, kwa hiyo akaifanya hasira.

Mapafu alikuja mchana wa siku iliyofuata, kama walivyopanga. Dada alikuwa amekwenda kununua uzi. Mlango ukalia, akaingia akiwa na kitu mkononi, kidogo, kimezungushiwa gazeti.

"Usikae," Kimya alimwambia.

"Kuna nini?"

"Wewe unajua ulichofanya."

"Mimi? Nimefanya nini, kaka?"

"Usiniite kaka. Nakuambia unajua."

Mapafu alisubiri aambiwe. Hakuambiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhambi ya Kimya, kubwa kuliko mtego wenyewe: alimhukumu mwenzake bila kumsomea shtaka. Miaka ishirini na kitu, na yule bwana akasimama katikati ya magunia ya vitambaa akijipekua moyoni, asipate kitu.

"Sawa," alisema hatimaye. "Siku ukitaka kunieleza, unajua matairi yangu yalipo." Alikiweka chini kile kitu chake, nje karibu na kizingiti, akaenda. Kimya alikiangalia kupitia upenyo wa mlango. Hakukigusa. Nani ajuaye kuna nini ndani yake?

Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaifuta sauti ya Mapafu kwenye muziki wa tamthilia. Akaifuta pia pale panapotunzwa vilivyofutwa, kwa ustadi wa fundi simu wa miaka tisa, isiweze kufufuliwa na mtu yeyote. Mahali pake akaweka filimbi ya kinanda. Dada alipouliza Mapafu yuko wapi, alijibu ana shughuli.

Mama wa tamthilia alikuja Jumatatu. Alisikiliza mara moja, akavua miwani.

"Ile sauti iko wapi?"

"Nimeitoa, mama. Kulikuwa na tatizo."

"Tatizo ni hii filimbi. Fundi, mimi sikuja kwa ajili ya kinanda chako, samahani kukuambia. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli hapo mbele napimwa gauni, mikono juu, dada yako akanichezea kitu kwenye simu yake. Nikasikia mtu anaimba, nikasahau hata kuvuta pumzi, ndiyo maana lile gauni linanibana mpaka leo. Ulidhani nimekuota?" Akafunga daftari. "Nakupa mpaka Ijumaa. Sauti irudi, au tuachane salama."

Kimya hakungoja hata mlango utulie. Akaingia chumba cha mbele.

"Dada, biti zangu unawarushia watu?"

Dada hakuinua hata uso. "Nawarushia. Kwani siri? Mteja akiwa anapimwa mabega hana pa kwenda, nampigia moja. Akiipenda, namrushia. Kwaya ile unadhani ilioteshwa? Mwenye magodoro, suti yake ameshona nani? Yule bwana harusi je?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe unauliza wageni, 'nani kakutuma, nani kakutuma', mimi niko hapa nyuma ya ukuta, hujawahi kugonga ukaniuliza."

Alimwomba simu. Akaifungua biti ya chambo, ile aliyomtumia dada, ile ambayo ilipaswa kulia bawaba. Ikapita dakika ya kwanza. Ikaingia ya pili. Akajisikia akikohoa.

Alikaa juu ya robota la vitambaa, akamweleza dada yote, kuanzia kwa kinyozi hadi kufuta. Dada aliweka mkasi chini.

"Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo," alisema. "Umemfukuza Mapafu? Mapafu huyuhuyu aliyebeba spika zako kichwani kwenye mvua?"

Kimya alitoa simu yake. Ule ujumbe wa sauti wa dakika tatu ulikuwa bado na alama ya kutosikilizwa. Akaubonyeza, na sauti ya Mapafu ikajaa chumba cha cherehani.

"Kimya! Hii kali, kaka, nimeirudia mara nne. Ila sikiliza, dakika ya pili bawaba ya mlango wako imeingia humo. Inalia kabisa. Usiitoe hivyo, watu watakucheka. Nikija nitakuletea grisi ya pale kazini tuipake, mlango wenyewe unanikera siku nyingi. Halafu usihofu, sijamrushia mtu, najua ulivyo..." Baada ya hapo, kwa dakika mbili zilizobaki, alikuwa akiimba juu ya biti ile ya chambo, bila maneno, akijaribu hapa na pale.

Dada alijifuta uso kwa kipande cha bitana. Kimya alitoka uani. Lile gazeti lilikuwa bado pale kizingitini, limenyeshewa na kukauka. Akalifungua. Ndani kulikuwa na kikopo kidogo cha grisi.

Alikwenda njia panda kwa miguu. Mapafu alikuwa amelalia tairi, anatafuta tundu kwenye maji. Kimya alieleza kila kitu, kijiko, bawaba, kikohozi, hakujificha popote, na kwa mtu wa maneno machache alisema mengi siku hiyo. Aliomba msamaha mara mbili. Mapafu alitazama vipovu vya hewa vikipanda, akaweka alama ya chaki.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekucheka, basi, yangeisha."

"Najua."

"Ijumaa ni mbali. Nitakuja Jumatano."

Jumatano Kimya aliamka mapema, akapaka grisi bawaba zote mbili, akafungua na kufunga mlango mara kumi. Mapafu alipoingia haukulia hata kidogo, ndiyo maana Kimya alishtuka kumwona ameshasimama ndani.

Mapafu hakusalimia kwa kelele zake za siku zote. Alisogea hadi mezani, akatoa simu, akaizima, akaiweka mbele ya Kimya. Akatoa funguo. Akatoa leso, kipande cha chaki, kipimo cha upepo, akavipanga kimoja kimoja. Kisha akageuza mifuko yote miwili nje, ikaning'inia kama masikio.

"Nikague," alisema.

"Mapafu, tafadhali."

"Kagua, kaka. Tufanye kazi kila mtu akiwa na amani."

Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Kimya hakukagua, alishindwa hata kuvitazama vile vitu. Aligonga ukuta mara mbili. Upande wa pili cherehani ikanyamaza. Mapafu akafumba macho akaimba, na aliimba vizuri kuliko mara ya kwanza, Mungu anajua alikoitoa. Mama wa tamthilia aliisikia Ijumaa, akaweka mkono kifuani, akasaini. Vipindi vyote hamsini na mbili vilifunguliwa kwa sauti ile, na jina la Kimya lilipita chini yake, na la Mapafu juu ya lake, kwa amri ya Kimya mwenyewe.

Lakini Jumatano ile, alipomaliza kuimba, Mapafu alirudisha mifuko yake ndani, akakusanya vitu vyake.

"Hutaki nikurudishie?" Kimya alimwuliza. Stuli ilikuwa pale pale.

"Wewe sikiliza," Mapafu alisema. "Kama ni nzuri utaniambia."

Akatoka. Kimya alibaki amegeuza kichwa mlangoni, akisubiri kusikia ukifungwa, asisikie kitu. Ilipita muda mrefu kabla hajakumbuka kugonga ukuta mara moja, ili dada aendelee kushona.